Mama kajimwagia ndoo ya maji sokoni, kisa koti

Mama yangu leo kajimwagia maji sokoni. Mbele za watu. Kwa hiari yake!

Tulikwenda mitumbani, hapa Buhongwa, kutafuta koti lisilopitisha maji. La mlimani kwenye theluji, siyo la bodaboda.

Muuzaji, kijana mchangamfu, akamwamkia mama vizuri, kisha akaanza kunivalisha mimi. Jeusi. La bluu. "Dada, hili limekukaa!"

Mama akatupita. Akachagua la rangi ya machungwa, baya kweli, akalivaa juu ya gauni lake la kanisani. Akavuta zipu hadi kidevuni.

"Nimwagie maji," akamwambia kijana.

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Basi mama akabeba ndoo ya maji ya kutulizia vumbi iliyokuwa pembeni, akajimwagia kuanzia mabegani! (Ni mwalimu mstaafu. Aliowafundisha hawatashangaa.)

Watu wakajaa. Akafungua zipu, akapapasa gauni.

Kavu!

"Lakini mama," kijana akasema, "si anayepanda mlima ni dada?"

"Huyu? Kilima cha kwenda nyumbani tu anahema. Kilimanjaro napanda mimi, mwezi ujao. Nimestaafu kazi, sijastaafu miguu."

Jamani, aibu na fahari vikanipanda pamoja. Mama zenu nao wako hivi, au ni wangu tu?

Kijana alishamwamkia tulipofika. Lakini akavua kofia, akaanza upya:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nitafutie na suruali yake."