Komunike za Dirdisi Katsuva

Mathieu Katsuva alikuwa mkurugenzi wa nidhamu katika Institut Tupendane, mjini Bunia, na wanafunzi walimwita Dirdisi, kama wanavyoitwa wenzake wote nchini. Alikuwa mtu wa Butembo, mrefu, mkavu, mwenye suti moja ya kahawia iliyoanza kung'aa magotini kwa kupigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kukamata wachelewaji na kunusa nani amevuta sigara. Lakini kazi aliyoipenda kuliko mshahara, ambao hata hivyo haukuja, ilikuwa kusoma komunike, yaani matangazo ya shule, kila asubuhi baada ya bendera kupanda.

Komunike zenyewe hazikuwa na makuu. Funguo zimeokotwa karibu na choo. Darasa la tano wana interro, jaribio la kemia. Jumamosi ni salongo, usafi wa pamoja, kila mtu aje na jembe lake. Katsuva alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma Injili, na hakumruhusu yeyote kumkatiza. Miaka ile ya vita, wenye bunduki walipokuwa wakipokezana mji kama kiti cha kinyozi, kila mmoja wao alikuja na tangazo lake la kutisha. Katsuva alitangaza mpira. Wengine walimcheka. Mimi nasema kutangaza mpira wa wiki ijayo katika mji ambao haujui kama utaamka kulitaka moyo mkubwa kuliko kubeba bunduki.

Jambo moja hakulijua: nje ya ua watu walikuwa wanamsikiliza. Mama Léontine, aliyeuza mandazi penye lango, aliepua karai la mafuta lisipige kelele. Waendesha baiskeli walishusha mguu. Mtaa ulikuwa umejifunza kwamba kabla ya risasi, shule hufungwa. Redio iseme itakavyo. Shule ikitangaza mechi ya Jumamosi, mtu anaweza kuloweka mihogo yake bila kuogopa kwamba ataiacha majini.

Ikafika mwaka 2004. Mji ulikuwa umeanza kupumua. Askari wa Umoja wa Mataifa walizunguka barabarani, na watoto wa pande mbili za barabara kuu, zilizokuwa zikipigana, walikuwa wamerudi kukaa benchi moja. Alhamisi moja Katsuva akasoma: "Kesho hakuna masomo. Walimu watakuwa na kikao." Akakunja karatasi, akaenda kunywa chai.

Kufika saa sita, nusu ya mtaa ilikuwa imefunga mizigo.

Mama Léontine ndiye aliyemjia ofisini, beseni lake likiwa tayari limefungwa ndani ya kitenge. "Dirdisi, utuambie basi. Tukimbilie wapi?"

"Kukimbia nini, mama?"

"Umesema kesho hakuna masomo."

"Ni kikao cha walimu."

"Mara ya mwisho pia mulisema kikao. Kesho yake siye tulilala mu pori." Alisema hivyo bila hasira. "Baba Honorine ameshaondoka na watoto wake. Amechukua njia ya Komanda."

Katsuva akasimama. Honorine alikuwa darasa la sita. Vita vilikuwa vimekula miaka yake miwili. Mara mbili alijiandikisha kufanya Exetat, mtihani wa serikali, na mara mbili bunduki zilitangulia. Sasa ilibaki miezi miwili. Baba yake, Isidore, aliyewahi kuchimba dhahabu huko Mongbwalu, alikuwa ameapa kwamba dalili ya kwanza itamkuta njiani kwenda kwa ndugu zake Mambasa, na hatarudi tena. Katsuva alijua maana yake. Msichana wa miaka ishirini akitolewa shule kwa mara ya tatu, harudi; ataolewa, na hakuna atakayeuliza alikuwa na akili gani.

Akaazima baiskeli ya mwalimu wa Kifaransa, akapanda na suti yake.

Aliwakuta karibu na daraja la mto Shari. Isidore alikuwa akisukuma baiskeli yenye godoro, na Honorine alifuata na sufuria kichwani, mdogo wake mgongoni. Watu wengine wa mtaa walikuwa nao.

"Dirdisi, weye pia unakimbia?" mmoja akauliza. "Na suti?"

"Nawakimbilia nyinyi." Alikuwa akihema. "Hakuna vita. Walimu wanakutana kugombana juu ya alama za wanafunzi."

"Siku nzima?" akauliza Isidore.

"Muzee, haujue walimu."

Watu wakacheka kidogo. Isidore hakucheka. "Monsieur Katsuva, wenye bunduki pia walikuwa wanasema hakuna vita. Kama hakuna vita, fungua shule kesho. Nitakuja kusikiliza kwa masikio yangu. Nikikuta mulango imefungwa, naenda na mutoto wangu."

Kufungua au kufunga shule ilikuwa kazi ya prefe, mkuu wa shule. Katsuva alitazama viatu vya Honorine, vyeupe kwa vumbi. "Kesho kuna masomo," akasema.

Prefe Gérard alipopata habari, alivua miwani. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Na kikao?"

"Tutagombana mchana, baada ya masomo. Prefe, watu wanapanga maisha yao kwa komunike zetu. Tukifunga mlango kesho, tutakuwa tumefukuza mtaa mzima kwa mdomo, bila hata risasi moja."

Gérard alinung'unika kwamba huo ni uasi, na kwamba Bunia imeshaona waasi wa kutosha. Kisha akatuma watu wawaarifu walimu.

Ijumaa asubuhi Katsuva alisimama chini ya bendera na karatasi iliyojaa kuliko kawaida. Mstari wa darasa la sita ulikuwa na pengo. Alisoma taratibu, akivuta maneno: interro ya kemia, Jumatatu. Darasa la nne dhidi ya la tano, Jumatano, refa ni mwalimu wa hesabu, asibishiwe. Alipofikia salongo, Honorine akaingia langoni mbio, akaingia kwenye mstari wake bila kumtazama mtu. Nje ya ua Isidore alikuwa ameegemea baiskeli yake, pamoja na nusu ya mtaa.

"Komunike zimekwisha," akasema Katsuva.

"Na Jumanne?" Ilikuwa sauti ya Isidore, kutoka nje. "Umesema Jumatatu, umesema Jumatano. Jumanne iko nini?"

Wanafunzi wakaziba midomo, wakingoja mzee wa watu aadhibiwe. Katsuva akafungua tena karatasi, ingawa Jumanne haikuwemo.

"Jumanne ni kwaya, muzee," akasema. "Saa nane. Wazazi wanakaribishwa."

Prefe Gérard, ambaye hakuwa amesikia habari ya kwaya yoyote Jumanne, akatoa kalamu na kuandika saa nane mkononi mwake.