Kitambulisho changu kimetoka na mtu mwingine

Watu wangu, nawaandikia kutoka cyber hapa Nakuru.

Tangu kitambulisho changu kipotee Salgaa mwaka jana, kila mwezi mimi huenda sacco yetu kuuliza kama kuna mtu ameomba mkopo kwa jina langu. Najua huwa mnanicheka.

Leo nimeacha kitambulisho kipya kwa soja wa gate, kama kawaida, nikapanda juu.

Nilipotaja jina, karani, mgeni hapo, akanikodolea macho. "Rehema? Lakini Rehema ametoka hapa saa hii. Amejaza fomu ya mkopo."

Nilishuka ngazi mbio hadi kwa soja.

"Boss, kuna mama ametoka?"

"Eeh. Ametaja jina, nikampatia kitambulisho. Chako ndio hiki kimebaki, madam."

Nikakiangalia. Jina langu. Namba yangu. Picha imebandikwa upya, ya mama sijawahi kuona maishani.

Ni kile kilichopotea. Kipya ameenda nacho. Amekiona kina sura yangu, akanyamaza, akaenda.

Sasa nishaurini. Nikifika polisi kuripoti, kitu ya kwanza wataitisha ni kitambulisho.

Na chenye niko nacho kina sura yake.