Mji Aliouchagua Bhoke

Ipo siku moja ya mvua kule Butiama, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu dukani, hadi wateja wa khanga hapa mtaa wa Mukendo, Musoma, wananishangaa. Leo imenirudia, maana nimesikia umeombwa ukawe mlezi kwenye kambi ya watoto kule Bunda, nawe unanung'unika eti likizo yako inaliwa. Haya, weka simu chini umsikilize shangazi yako.

Nilikuwa msichana wa rika lako. Likizo ya Desemba watoto walikuwa wanakusanywa kutoka mjini na vijijini, wanalala madarasani kwenye shule moja ya Butiama, wanacheza, wanaimba, wanafundishwa kazi za mikono. Mimi nilipewa wasichana wadogo na filimbi. Ee Mungu wangu, ile filimbi! Kuamka, filimbi. Kunawa, filimbi. Nilikuwaga najiona askari kamili, na ratiba ikienda sawa nilijua kambi inakwenda sawa.

Kati ya wasichana wangu alikuwepo Bhoke, mtoto mdogo aliyeletwa kutoka Buhemba na bibi aliyemlea. Bibi alinishika mkono akaniambia, "Huyu kule nyumbani hana mwenzie wa kucheza naye. Nataka azoee watu kabla mimi sijaondoka duniani." Lakini tangu bibi alipompa mgongo, mtoto hakusema neno wala hakula cha maana. Uji anauangalia tu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila ya huyu ilikuwa imemkaza kweli. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamnunulia biskuti, wapi! Mzee Magesa, mkuu wa kambi, akaniambia asipokula mpaka jioni, kesho anarudishwa kwao. Iliniuma sana. Nilikuwa nauona uso wa yule bibi akimpokea mjukuu wake vilevile alivyomleta.

Mchana ule mvua ikashuka. Mpira hakuna, kazi za mikono hakuna, watoto wote wamebanana darasa moja, kelele tupu. Nilipuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Mzee Magesa akaingia ameloa chapachapa, akaninyooshea kiganja. Nikampa filimbi, akaitia mfukoni.

"Binti, umekuja kuwalinda hawa au kukaa nao?"

"Ratiba imeharibika, mzee."

"Ratiba ni ya kwako. Wao wanataka mtu. Kaa chini."

Nikakaa sakafuni na sketi yangu mpya, nimenuna. Mara mmoja akaniegemea begani. Mwingine akaanza kunisuka nywele bila hata kuniomba. Mtundu mmoja aitwaye Masatu akapaza sauti, "Kitendawili!" Darasa zima likajibu, "Tega!" Basi tukategeana. Mimi dada wa kambi nilishindwa karibu vyote, wakanizomea, nami nikajikuta nacheka kama mwenzao. Sikuwa nimecheka hivyo tangu kambi ianze.

Nikasikia kisauti nyuma yangu. "Kitendawili." Alikuwa Bhoke! Hata mvua niliona kama imesita.

"Tega," tukajibu polepole.

"Nikiondoka haondoki, nikirudi yupo mlangoni."

"Mbwa!" akapayuka Masatu. Wengine wakasema kufuli, wengine kizingiti. Kila jibu anatikisa kichwa. Tukashindwa, na mchezo unaujua: mkishindwa, aliyetega anadai mji, mnampa, anautembelea, ndipo anatoa jibu.

"Nipeni mji," akasema.

"Chukua Musoma!"

"Sitaki."

"Chukua Bunda!"

"Sitaki. Nataka Buhemba."

Nikamwambia, "Haya mama, chukua Buhemba."

Akafumba macho. "Nimeenda Buhemba. Nimefika nyumbani, nimepikiwa ugali na dagaa, nimekula, nimeshiba. Aliyenipokea mlangoni ni bibi."

Alipofumbua macho machozi yalikuwa yanamtiririka, na mimi yangu pia, sikufichi. Masatu akashika kichwa. "Jamani, na mimi nimesema mbwa! Bhoke, usimwambie bibi yako!" Darasa likaangua kicheko, na Bhoke naye akacheka, ndiyo kwanza nikaona ana pengo. Jioni ile alikula, akaomba aongezwe. Hakuna aliyezungumza tena habari za kumrudisha.

Basi nenda Bunda, mwanangu. Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Ratiba uifuate, chakula kiwe kwa wakati, lakini usikubali siku ipite bila kukaa nao sakafuni, wakakushinda, wakakucheka. Mtoto mkimya usimlazimishe kusema. Keti karibu naye, mlango ataufungua mwenyewe. Usidhani unawapa wao tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilipona kununa kwangu mle darasani.

Siku ya kuagana Bhoke alinivuta sketi. "Dada, nikupe mji?"

"Nipe."

"Chukua Buhemba."

Mungu akutangulie huko uendako, akulindie watoto wa watu mikononi mwako. Na siku ya kufunga kambi asikose mmoja wa kukuvuta nguo, akupe mji wa kwao.