Nilivyobadilisha springi za nyuma za gari la Kiingereza, Ndia Kuu, ili mama akubali kupanda tena

Asalaam alaykum wakuu, na wengine wote hamjambo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na nayaandika hata pale yanaponiaibisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, nakaa na mama Ndia Kuu. Marehemu baba alituachia gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili. Injini yake ilikufa, nikatia ya Kijapani yenye nguvu zaidi.

Umakanika sikuusomea. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa wasiwasi mwingi.

Magurudumu ya nyuma ya gari lile yalipanda na kushuka kila moja peke yake. Jambo zuri, ila ukiwa kwenye kona ukaachia mafuta ghafla, gurudumu hujikunja kwa ndani na mkia hutaka kutangulia.

Kwa injini ya zamani tabia hiyo hukuiona sana. Kwa ile yangu, siku moja mkia ulitangulia kwenye kiplefti, gari likazunguka, mama akiwa kando yangu. Hatukugonga kitu. Tulisimama tumeelekea tulikotoka.

Mama alishuka, akafunga mlango polepole, akenda zake kwa miguu.

Hapo ndipo penye uzito, wakuu. Kila Ijumaa nilikuwa nikimpeleka Ganjoni kwa dada yake mgonjwa, na goti la mama lilikuwa bovu. Tangu siku ile akawa anatembea. Akirudi anakaa akilikanda goti. Teksi hakutaka. Alisema ana mtoto mwenye gari.

Nikaamua kubadilisha mfumo wote wa nyuma. Rafiki yangu Kazungu, mchomeleaji wa bandarini, alinichomelea mikono mipya ya kulishika gurudumu lisijikunje. Nikatoa ile springi pana ya bapa, nikaweka za koili, zenye vikombe vya kupandisha na kushusha kimo cha gari.

Mimi nikifunga bolti narudi kuikagua, halafu narudi tena. Pale uani nikaweka pimamaji juu ya buti la gari, nikapandisha springi ya kushoto mpaka kiputo chake kikakaa katikati kabisa. Magurudumu nikayasimamisha kwa timazi.

Nikatoka nalo barabarani. Limeinama kulia, kama mtu aliyebeba ndoo. Nikishika breki, lavuta.

Nikafungua lote. Nikamlaumu Kazungu kwamba mkono mmoja ni mrefu. Akaipima yote mbele yangu, akacheka.

"Bwana, mikono hii ni mapacha. Aliyepinda ni wewe."

Nikafunga upya, kwa pimamaji ile ile. Likainama vile vile. Nikakaa chini nikaliegemea gurudumu, sina hamu hata ya chai.

Mama akatoka na beseni la maji ya kufulia.

"Wewe, mafuta yako yote yateremka mtaroni kwangu. Utauosha wewe."

"Yateremka?"

"Yasiteremke yende wapi? Babako aliusakifu ua huu umeinama, maji ya mvua yasituingie ndani."

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa sakafu. Nyua za kwetu nyingi zimesakifiwa hivyo, na nimeukanyaga ule tangu utotoni.

Nikatia mbao chini ya magurudumu ya kushoto mpaka yote manne yakawa kimo kimoja, nikarekebisha upya. Nikamwomba Kazungu radhi. Nikalijaribu gari peke yangu kwenye barabara tulivu za Kizingo, nikaachia mafuta kwenye kona makusudi. Mkia ulitulia.

Ijumaa nikamwambia mama nimemaliza.

"Hata mara ile ya injini ulisema umemaliza."

Lakini goti lilikuwa limevimba. Akapanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Nikaendesha taratibu, nikikata kona kwa uangalifu, mpaka yeye mwenyewe akachoka.

"Mbona wenda kama wabeba mayai? Dada yangu angoja."

Nikakanyaga mafuta.

Nilichojifunza: ukiwa unajifundisha mwenyewe, usipime kitu kabla hujakagua kilichokibeba. Na usimlaumu rafiki kabla ya hapo.

Tukikaribia Ganjoni nikasikia mlio mdogo nyuma, upande wa kulia. Mama hakuusikia, alikuwa akinisimulia habari za dada yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusimama kuangalia.

Wenye ujuzi wa magari haya, ule mlio ulikuwa nini? Niambieni polepole tu, nimechoka.