Nesi Tusekile Azalisha Gapi

Nesi Tusekile alizalisha akina mama hospitali ya Tosamaganga miaka thelathini na moja, akastaafu, akarudi kwao Soweto, Mbeya, na mikono isiyojua kukaa bure. Mtaa mzima ulimwita Nesi, naye aliitika kwa raha zake. Binti yake Lea, mwalimu wa baiolojia, akamletea gapi jike mmoja ndani ya chupa kubwa ya kioo, kasamaki kadogo kama kidole cha mwisho. Kwa baridi ya Mbeya, Nesi alikaweka karibu na jiko, ila si karibu sana, maana kukapika hakukusudia.

Siku ya tano tumbo likavimba. Didas, fundi viatu wa jirani, akachungulia. "Huyo atataga, Nesi."

Atage wapi. Gapi huzaa watoto hai, na asubuhi ile walitoka mmoja mmoja, wamejikunja, wakajinyoosha wakaanza kuogelea. Nesi akawachota kwa kichujio cha chai, kumi na saba, akawakagua macho na mkia. Kisha akafanya alichozoea maisha yake yote: akawarudisha kwa mama yao.

Jamani, mama akawala. Nesi alikwenda kusonga ugali tu. Kurudi, kabaki mzazi peke yake, kashiba.

"Msiniite Nesi tena," alimwambia Didas. Didas akaanza kumwita Mama Lea, kwa adabu kabisa, na hiyo ndiyo ikamuuma zaidi.

Lea alimweleza kwa simu. "Mama, hao hawanyonyi. Watenge. Halafu usikate tamaa, jike hutunza mbegu ya dume tumboni kwa miezi. Atazaa tena."

Wiki ya nne tumbo likarudi. Safari hii Nesi alijaza majani ya mtoni watoto wajifiche, akakaa kwenye kigoda tangu alfajiri, kichujio mkononi. Kila aliyetoka alihamishwa chupa. Kumtenga mtoto na mamaye kulimchoma moyo, lakini akatenga. Mchana walikuwa kumi na tisa, wazima wote.

Didas akaja, akawahesabu mara mbili, akakuna kichwa. "Sasa Nesi, baba yao nani? Dume mbona sijaliona humu?"

"Bee," aliitika, mara ya kwanza mwezi mzima. "Mimi kazi yangu kupokea watoto. Habari za baba kamuulize mwenye tumbo."