Abiria wa Koti

Mtunza bustani yule hakurudi nyumbani mikono mitupu hata siku moja. Upindo wa koti lake kuukuu ulikuja umejaa mbegu. Huketi mlangoni akazing'oa moja moja kwa kucha zake nyeusi za udongo, huku akimsomesha mkewe: "Mama watoto, huyu ni ndugu yake waridi. Ana ua la manjano, petali tano, na mbegu zenye vindoano. Miguu hana, basi hudandia wapita njia."

"Kama ulivyonidandia mimi," mkewe humjibu, naye hucheka mpaka akakohoa.

Tangu mumewe azikwe, koti linaning'inia msumarini. Leo binti yao amelichukua akalifue.

"Fua, mwanangu," mama akasema, kisha akaukamata upindo wenye mbegu. "Ila hapa usipaguse. Abiria hawa bado hajawateremsha."