Bila Kutoa Sababu

Watu wa Lindi, kijiji kimoja cha Kibera, Nairobi, wamehojiwa hadi wana sauti ya mahojiano. Mtafiti akiketi tu, mtu aliyekuwa akicheka na jirani anakohoa, anakunja mikono mapajani na kuanza kuongea polepole kama anayesoma habari redioni. Maswali wanayajua kuliko sisi. Ukiruka lile la choo, wanakukumbusha. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanaokalia vigoda vya watu, na nilikuwa nimevikalia kwa miaka mingi kupita adabu.

Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu jinsi akina mama wa Kibera wanavyolea watoto huku wakihamahama nyumba za kupanga. Ilinibidi nirudi kwa familia zilezile, mwaka baada ya mwaka. Ajabu ni kwamba hakuna msomi hata mmoja pale chuoni aliyejiuliza itakuwaje watu wanaohamahama wakihama. Wakahama. Wengine walirudi kwao magharibi mwa Kenya, wengine wakaenda mtaa jirani wa Sarang'ombe wakabadilisha namba za simu. Zikabaki familia chache, na kamati ikasema ikitoka hata moja zaidi, hakuna tasnifu. Msimamizi wangu alinipa habari hiyo akitabasamu. Nilitamani kumrushia kikombe.

Bila shahada hiyo nilikuwa mwalimu wa kibarua tu, naitwa muhula huu, nasahaulika muhula ujao. Kule Kawangware nilikopanga, mama mwenye ploti alinikuta nikianua nguo akaniuliza, "Wewe, hii masomo yako haiishangi? Msichana wangu alikupata ukisoma, ameolewa, amezaa, na bado unasoma!" Nilicheka naye vizuri sana. Kisha niliingia ndani, nikajifungia na kulia kwa hasira.

Katika awamu ya mwisho ya mahojiano nilikuwa nimebakiza mama mmoja, muuzaji wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga yenye minofu kidogo ambayo hapa ndiyo nyama ya wengi. Tulikuwa tumezoeana. Simu ya kurekodi ikiwa mezani aliniita madam. Ikirudi mkobani, aliniita dada. Siku hiyo alizima redio, akawatoa watoto nje kama kawaida. Nikaanza kumsomea maneno ya ridhaa, mbiombio, kama mtu mwenye njaa anayeombea chakula. Nikafika pale panaposema kwamba mhojiwa ana uhuru wa kujiondoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Akainua mkono.

"Hapo. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi mimi nimetoka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umetoka wapi, mama?"

"Kwa hii utafiti. Si umesema naweza? Na umesema siulizwi mbona."

Ndivyo ilivyo. Kanuni zetu zinakataza kuuliza. Jirani yeyote angeweza kumuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, au kama amechoka, au kama mimi ndiye niliyemkosea. Mimi niliyemjua miaka yote hiyo nilitakiwa kusema asante kwa muda wako na kuondoka. Nikasema asante kwa muda wako. Nilipofika karibu na magorofa ya Nyayo Highrise, nikasimama kando ya barabara na kumpigia msimamizi.

"Mrudie," alisema. "Usimuulize sababu. Nenda kama mteja tu, mpige stori. Ataongea mwenyewe, na ukishasikia, unayo."

Kesho yake alasiri nikarudi bila mkoba. Sijui kama nilikwenda kumpeleleza au kumwona. Nadhani vyote viwili. Aliponiona alicheka, akanisukumia kigoda kando ya karai la mafuta na kunipa samaki na ugali. Kisha, huku akigeuza mifupa yake, akaanza kuongea. Hakutumia ile sauti ya redio. Alinieleza kwamba mwenye nyumba amewataka wahame tena, na kwamba safari hii kifungua mimba amekataa kuhama nao, amejihamishia kwa rafiki yake. Akaniambia jinsi anavyowadanganya wadogo kila wanapohama, kwamba wanaenda kutembea tu, watarudi. Akasema mdogo kabisa siku hizi hatoi nguo zake kwenye mfuko. "Anangojanga tu," alisema, akajifuta uso kwa kanga.

Kila swali la awamu ya mwisho lilikuwa limejibiwa pale, na kwa ukweli ambao sikuwahi kuusikia miaka yote ya kurekodi. Nilihisi sura nzima ya tasnifu ikijiandika kichwani, hadi na kichwa chake cha habari. Nilijichukia, na nilifurahi, kwa wakati mmoja.

"Hii nakuambia wewe," alisema, "si ile simu yako."

"Najua," nikamwambia. Nikanawa mikono.

Wiki iliyofuata msimamizi aliniita ofisini. "Umepata?"

Ningemjibu ndiyo, hakuna ambaye angejua. Ningeitwa daktari kabla ya mwaka kwisha.

"Amejiondoa," nikasema.

"Lakini si mmeongea?"

"Tumekula samaki."

Alivua miwani na kuipangusa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Basi tafuta familia nyingine ya kujaza nafasi yake," alisema. "Itabidi uanze nayo awamu ya kwanza, uifuate mpaka mwisho."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nimetoka, na nisiulizwe mbona. Maneno yalinifika kooni kabisa.

Nikamuuliza nianze lini.